Ufuo Usio na Mashua

Kwenye feri ya kwenda kisiwa cha Mfangano, kijana aliyeketi mbele yangu alimwonyesha mama mmoja kando yake tableti mpya. "Mama, programu yangu ya kufundisha watoto hesabu kwa Dholuo iko kwenye simu. Hii tableti ina mfumo mpya, lazima niiandike upya. Ni kazi ya mwaka mzima, na mke wangu ameanza kuniangalia vibaya."

"Wenye tableti hizo ni wengi?"

"Bado. Watu hawanunui kwa sababu hazina programu. Sisi nasi hatuandiki kwa sababu hazina watu."

Mama akacheka. "Nyathina, mwanangu, huo ni ufuo mpya. Mashua ya omena, hawa dagaa wetu, haiji mahali hakuna nyavu za kuwaanikia, na sisi wamama hatutandazi nyavu mahali hakuna mashua."

Mimi, niliyefungua hoteli kando ya barabara ambayo mpaka leo haijajengwa, niliangalia maji.

"Sasa nani huanza?" kijana akauliza.

"Mwenye kichwa kigumu."

"Na mashua zisipokuja?"

Feri ikagusa ukingo. Mama akavuta furushi kubwa la nyavu kutoka chini ya benchi. "Hata mimi sijui. Leo ndiyo naenda kutandaza kwenye ufuo mpya. Shika huku, tushuke."