Kilango cha Mpira cha Wayne Rautio

Mchungaji, shemeji Marlys, majirani na nyote mliothubutu kutoka nje na baridi hii, mimi ni Dale, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya kaka yetu, Wayne Elmer Rautio, ingawa nasoma nikiwa na hofu, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 hapa Embarrass, Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa Arvo na Lempi Rautio, akasoma hapa hapa hadi sekondari, akahitimu uhandisi wa mitambo mjini Duluth mwaka 1974, na tangu utotoni aliogopa kitu chochote kinachovuja, hata mama akawa anamtania kwamba siku ya kuposa atakagua kwanza mabomba ya jikoni kwa wakwe ndipo amtazame binti.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kiwanda cha printa huko Minneapolis, ambako wino ulikuwa ukidondoka na kuchafua karatasi kila mashine ilipopumzika, naye akabuni kilango cha mpira, kidogo kama ukucha, kinachofunguka wino unapovutwa na kujifunga chenyewe unapotulia, na kilimpa heshima kubwa. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Marlys Kangas katika kanisa hili, wakajaliwa mtoto mmoja, Kristine.

Mwaka 1996 alihamia kiwanda cha injini, akakipeleka kilango kile kwenye njia ya oili ya pikapu, kiachie oili shinikizo linapozidi, na hapo ndipo alipokosea, maana wino hukaa ofisini penye joto, lakini pikapu zetu hulala nje, na baridi ikibana sana mpira hukakamaa, kilango hakifunguki, oili inapasua filta na kurukia ekzosi ya moto. Tarehe 30 Januari 2019 pikapu ya Lloyd Maki, huyo aliyekaa karibu na dirisha, iliungua uani kwake, na mikono yake mnaijua.

Kiwanda kiliacha kutumia vilango vya mpira, lakini pikapu za zamani bado tunazo, na tangu siku ile kaka hakupata usingizi wa maana, kila baridi ilipotangazwa alizunguka nyumba kwa nyumba na sanduku lake la spana, akibadilisha vilango hivyo kwa vya chuma, na wapo waliomcheka, akiwemo Kristine, naye ana pikapu ya zamani, aliyemwambia, "Baba, acha woga wako, gari langu halijawahi kunisumbua, kaa ule kwanza," naye akala, akarudi kwake na spana zake bila kuligusa gari lile.

Oktoba mwaka jana aligundulika na saratani ya kongosho, akalazwa Duluth, na akafariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, mimi nikiwa nimemshika mkono, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Dale, bado la Kristine."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Minneapolis, majirani, na akina mama walioko jikoni chini wakituandalia kahawa na mikate ya nyama. Tukitoka kwenda makaburini, tafadhali, mwenye pikapu ya zamani asiiwashe kwa rimoti akiwa humu ndani ili ipate joto mapema kama tulivyozoea, apande gari la mwenzake.

Samahani. Hili halimo kwenye karatasi. Nasikia injini, pale nje ya mlango wa jiko. Kristine, mwanangu, umebonyeza? Najua, ulitaka mama yako akute joto. Zima. Bonyeza tena, taratibu, shika mpaka izime. Lloyd, chungulia dirishani, tuambie.

Lloyd ameinua mkono. Imezima.

Kaka, la Kristine nitalibadilisha mimi, leo hii, kabla sijaonja chakula. Spana zako ninazo. Sasa lala, Wayne, pumzika kwa amani.