Honorine Aliyetuketisha Mulangoni

Ninyi wote mulioacha mashamba na soko mukafika kwenye kilio chetu, mimi ni Koko Régina, bibi ya Honorine, mama wa baba yake, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa macho yangu ni mabaya na masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu, mutanivumilia.

Honorine alizaliwa Wamaza tarehe 9 mwezi wa tano 2001, mutoto wa tatu wa Christophe na Ernestine, akasoma primere palepale na sekondari Kabambare, akapata diplome mwaka 2019, akafundisha watoto wa Wamaza miaka mitatu, halafu mwezi wa kumi 2022 akafika kwangu hapa Kasongo, akaingia chuo.

Mwaka 2023 mwenzake mumoja, jina lake silitaji, aliitwa nyumbani kwa mwalimu akachukue kazi iliyosahihishwa, akatoka analia, masomo akaacha, na wakubwa wa chuo wakasema wataangalia, mupaka leo wanaangalia. Ndipo Honorine akakumbuka vile tunafanya kwetu, musichana hapelekwi kuongea na mwanaume pasipo mwanamuke muzee kuketi mulangoni, akatukusanya sisi wakoko, kila musichana aliyeitwa ofisini akaenda na koko wake, mulango wazi, sisi chini tunamenya karanga. Profesa mumoja akatuuliza kama tunafikiri hapa ni sokoni, nikamujibu hapana, baba, sokoni watu wanapima mbele ya macho ya wote. Muda wote tuliokaa pale, hakuna aliyetoka analia.

Tarehe 10 mwezi wa pili mwaka huu 2025, chuo kikakataza mutu asiye na karte ya mwanafunzi kuingia, wakaweka sentineli wa kulinda lango, tukabaki inje ya ukuta. Honorine akasema yeye iko na karte, basi yeye ndiye atakuwa koko, akawasindikiza wenzake peke yake, karanga mukononi, wakamucheka, koko asiye na mvi hata moja.

Ndoa hakufunga, muchumba wake Assani wa Salamabila alikuwa amekwisha kujitambulisha kwetu, na mutoto hakuacha.

Tarehe 2 mwezi wa sita tumbo likaanza kumuuma, akasema ni njaa, akaendelea kusindikiza, tarehe 11 tukamufikisha hospitali, tifoide imekwisha kutoboa matumbo, wakamupasua, akafariki jana, tarehe 14, saa kumi na moja ya asubuhi. Mbele ya kunyamaza aliniuliza nani ataenda na Laura, mwenzake wa chuo, huyu aliyeketi kando ya sanduku, kesho ameitwa ofisini kwa ajili ya memware yake, kile kitabu cha kumaliza masomo.

Tunashukuru waganga na wauguzi waliomupasua na kumulinda, majirani waliopika, wanafunzi waliomubeba, na wakubwa wa chuo waliotuma maua, maua tumeyaona, ruhusa ya kuingia hatujaiona.

Kesho saa mbili Laura ataingia, mimi nitaketi inje ya ukuta na karanga zangu, pale ambapo mulango hauonekani. Wewe umemaliza kusindikiza, Honorine, pumzika kwa amani.