Kiinua Mgongo Changu na Shamba la Mawe

Ndugu zangu wa chama, hamjambo. Mwenyekiti ameniambia nitoe ushuhuda kabla hatujachagua mweka hazina. Nitausema wote, ila jina la mtu sitataja.

Mnanijua. Nilifua mashuka ya hospitali kule Nyeri tangu mzungu akiwa bado ndiye bwana mkubwa, mpaka magoti yakakataa. Nikapewa kiinua mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya uzee wangu, maana sina mume wala mtoto wa kunilisha. Nikaipeleka benki.

Wakati huo makampuni ya wananchi yalikuwa yananunua mashamba ya walowezi upande wa Nanyuki. Mzee mmoja wa kanisa letu, mwenyekiti wa kampuni kama hiyo, akaja kwangu akanywa chai yangu. Akasema, "Mama, pesa ya benki haina udongo. Nunua hisa, upate shamba ya kuzeekea." Nawaambia, mtu wa kwetu akisikia shamba, akili inatoka. Nikatoa yote. Hata kuliangalia sikuenda.

Siku ya kugawana, kila mtu alichomoa namba kwenye kofia. Yangu ikaangukia mwamba mtupu, mbuzi angekufa njaa pale. Namba za kando ya mto hazikuwa kwenye kofia kabisa. Yule mzee na shemeji zake walikuwa wameshajipimia. Nilipolia alinicheka mbele ya watu. "Shukuru Mungu, mama. Ati wengine hawakupata hata mawe."

Nikarudi hapa Wamagana kulala jikoni kwa kaka yangu. Nilimchukia yule mzee kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Walionitoa ni akina mama wa kikundi cha mabati, wale wa kuezekeana nyumba kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikasema mabati sitaki, ninunulieni nyundo na tindo. Tukapanda nao mpaka Nanyuki, tukaanza kupasua ule mwamba. Mji ulikuwa unajengwa, malori yakaja kununua mawe. Nikajenga nyumba yangu, na kila mwezi nikaweka akiba kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha yule mzee akataka kujenga ghorofa Nanyuki, na mawe ya karibu yalikuwa yangu. Akatuma lori. Nikaliacha likae foleni tangu asubuhi, jioni nikalirudisha tupu. Akaja mwenyewe. "Mama, tusahau. Si sisi ni watu wa kanisa moja?"

"Mawe iko, mzee," nikamwambia. "Yako ndiyo hakuna."

Siku hiyo nililala usingizi mtamu. Pasta anasema nisamehe. Nitafikiria.

Asanteni sana, akina mama wa mabati. Bila nyinyi ningekuwa bado jikoni kwa watu. Na nyote nawaambia, pesa ya uzee usimpe mtu kwa sababu anaomba vizuri kanisani. Nenda kwanza ukakanyage hilo shamba.

Jina nimesema sitataja. Lakini wanaotaka kuwa mweka hazina ni wawili, na mmoja hajaniangalia tangu nisimame. Mchagueni yule mwingine.