Mama Mdogo wa Miaka Sabini

Karibu na Garissa basi letu kutoka Wajir lilisimamishwa na polisi, tukashuka kupanga foleni ya vitambulisho. Mbele yangu bibi mmoja, Safiyo, alikuwa akimweleza Jirma, mfanyabiashara wa ng'ombe, kwamba anaenda kwenye harusi ya Ikran, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike, ambaye yeye Safiyo ndiye aliyemlea tangu ananyonya.

"Ananiita habaryar, yaani mama mdogo. Kwetu Wasomali dada ya mama ni mdogo tu, hata akiwa na miaka sabini."

Jirma akakasirika kana kwamba ametukanwa yeye. "Hapana, mama! Kwetu Waborana kubwa ni guddaa, na neno la kulea limetoka hapo hapo. Aliyelea ndiye mkubwa. Hata kwa Kiswahili wewe ni mama mkubwa. Mwambie abadilishe leo leo!"

"Abadilishe jina hiyo alijifunza nayo kuongea?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Niliwaacha wabishane, jambo ambalo wanafunzi wangu hawangeamini.

Simu ya Safiyo ikalia, na sauti ya Ikran ikatufikia sote. "Habaryar, umefika wapi? Shehe yuko hapa, lakini nimewaambia hakuna kufunga ndoa mpaka uingie wewe."

Safiyo akamgeukia Jirma. "Sasa unataka ukubwa gani tena?"

Dereva akapiga honi. Jirma akambebea Safiyo mfuko wa zawadi hadi mlango wa basi, akimwita nyuma yake, "Mama mkubwa! Mama mkubwa!" Safiyo hakugeuka hata mara moja.