Dumu Lililokaa Mahali Pangu

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, ubavuni mwa nyumba yetu, na kwa kuwa kahawa inatoka jikoni kwangu, kila upuuzi unaosemwa pale unanifikia. Wanaokaa ni walewale. Yupo Injinia, ambaye kazi yake ni kubadilisha betri za saa. Yupo Rubani, aliyewahi kupakia mizigo uwanja wa ndege, na tangu hapo hakuna atakachoambiwa kuhusu upepo. Na yupo mume wangu, mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu, ambayo siku hiyo waliizunguka kama mgonjwa mahututi.

Kisa kilikuwa shingo yangu. Mara ya mwisho tulipokwenda kumwona mama, upepo ulinipiga kichwa njia nzima, nikafika siwezi hata kugeuka kumsalimia. Nikamwambia baba watoto sikai tena nyuma ya kile chombo mpaka upepo upungue. Sasa mama alikuwa anatoka hospitali kesho, na nilimwahidi atanikuta mlangoni. Ndipo mume wangu akanunua kipande cha plastiki angavu, upana wa sinia, cha kubana juu ya kioo cha mbele ili kioo kirefuke.

— Upepo ukifika hapa unapanda, alisema Rubani, akionyesha kwa kijiko changu.

— Halafu unakwenda wapi? nikauliza.

— Juu, shemeji. Upepo ukishapanda haushuki.

Injinia alimdharau waziwazi. Kwake yeye upepo haupandishwi, unakatwa, kama mkate. Alitaka kipande kisimame wima. Rubani alitaka kilale. Wakakikaza, wakakilegeza, wakakikaza tena, mpaka kioo chenyewe kikalia, na wote wakawa wapole ghafla. Nikawaonyesha vipande vya mpira vilivyobaki kwenye boksi, vya kukaa kati ya kibanio na kioo. Injinia akasema aliviacha makusudi, kupunguza uzito. Akaviweka.

Kahawa ya pili ilizidisha maarifa. Rubani akaonya kwamba mwendo ukikolea gurudumu la mbele litaacha ardhi, kwa hiyo tufunge jiwe. Injinia akasema upepo uliokatwa vizuri unazunguka na kusukuma pikipiki kwa nyuma, hivyo wakati wa kurudi injini inaweza kuzimwa. Mume wangu, baba wa watoto wanne, akatikisa kichwa kukubali.

Ikafika zamu ya kujaribu. Nikasema nivae helmeti nikae nyuma, maana shingo ni yangu. Wakaona nitaacha birika peke yake. Badala yangu wakafunga dumu la maji kwenye kiti cha nyuma.

— Uzito ni uleule, akasema Injinia.

— Na halilalamiki, akaongeza mume wangu.

Rubani akachomoa kitambaa changu cha kichwa kwenye kamba ya nguo, akakifunga shingoni mwa dumu ili, alivyosema, bibi apendeze. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikifua nikivae kesho.

Mume wangu akaenda mpaka barabara kuu, akaichapua, akarudi uso umemchanua.

— Kimya kabisa, alisema akivua helmeti. Nimepiga mluzi nikajisikia. Mama watoto, shingo yako imepona.

Wakapeana mikono. Kila mmoja alidai ushindi ni wa nadharia yake, na wakaanza upya ubishi wa kupanda na kukata, wakati wifi yangu, dada yake mume wangu, alipofika na kapu la sokoni. Hakuwa na habari ya kioo wala upepo. Alichoona ni dumu limekaa kitini.

— Hili la nini?

— Huyo ndiye wifi yako, akasema Rubani. Kasafiri raha mustarehe. Hata kitambaa chake cha maua tulimvisha.

Wifi akalizunguka dumu.

— Kiko wapi?

Mume wangu alishika shingo ya dumu, akainama kutazama upande wa pili, kana kwamba kitambaa kingekuwa kimejibanza. Rubani akatazama juu.

— Nilipiga mafundo mawili, akasema taratibu.

Upepo ulioruka uso wa mume wangu ulikuwa umetua mahali, na hata mbadilisha betri aliona ni wapi. Injinia akakumbuka kikombe chake, akakinyoosha kwangu kitupu. Sikukipokea.

Baba watoto akafungua kamba, akaliteremsha dumu mbele ya benchi. Akachukua spana, akalegeza vibanio, akakishusha kipande kidogo. Hakuomba ushauri wa mtu.

— Vaa helmeti, aliniambia. Ukiumia nigonge bega.

Nikamkabidhi wifi birika, nikapanda.

— Na kahawa ikiisha, shemeji? akauliza Injinia.

— Kunyweni maji. Dumu hilo hapo.