Mafundo Kumi na Moja ya Mama Uzi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mpangaji mkuu wa safari zetu za ndege anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Jina lake kamili liko kwenye faili za utumishi. Sisi tunamwita Mama Uzi, naye huitika.

Alianza akiwa karani wa hali ya hewa, akahamia chumba cha mipango na hapo akaweka kambi: meza ya pembeni, chupa ya chai, na tufe la dunia lililochubuka rangi kwa kushikwashikwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila ndege inabeba mafuta yanayolingana na mwendo wake. Safari yetu ndefu kuliko zote, ile ya ng'ambo, ni kilomita 10,871, na hiyo aliilinda kama mboni ya jicho.

Kompyuta zilikuja, akazipokea vizuri tu, lakini uzi hakuuacha. Ni uzi mweusi wa kushonea wenye mafundo kumi na moja, kila fundo kilomita elfu moja kwenye tufe lile. Abiria walipolalamika kwamba rubani anawazungusha bure, aliwaita ofisini, akauvuta uzi kutoka mji hadi mji, wakajionea kwamba njia inayoonekana kupinda kwenye ramani ya ukutani ndiyo fupi. Mmoja alibisha nusu saa nzima, mwishowe akaulizia nafasi za kazi.

Miaka tisa iliyopita mtambo wa kompyuta ulizima, na mwandishi wa wasifu huu, mgeni kazini na mjuaji kupita kiasi, akapiga kwa mkono hesabu ya mafuta ya safari ile ya ng'ambo. Orodha ya umbali ilisema 5,870, yaani maili za baharini wanazotumia marubani. Mimi nikazichukulia kuwa maili za barabarani, ambazo ni fupi zaidi. Abiria walikuwa wameshafunga mikanda Mama Uzi alipochukua uzi wake na kuona karibu fundo moja na nusu halimo kwenye karatasi yangu: kilomita 1,424 zisizo na mafuta. Alishuka ngazi mbio, viatu mkononi, akaizuia ndege. Rubani alifoka. Alipoonyeshwa hesabu, aliagiza mafuta yaongezwe.

Nilijua kibarua kimeota nyasi. Yeye aliandika kwenye taarifa kwamba kosa limetokea katika chumba anachokisimamia, kwa hiyo ni lake. Kisha akanipimisha tufe kila asubuhi kwa mwezi mzima, bila huruma.

Ameniruhusu niseme na hili: Mama Uzi hajawahi kupanda ndege. Anaogopa. Binti yake anaishi ng'ambo, mwisho wa safari ile ile, na mjukuu wa miaka minne anamjua bibi yake kwa sauti ya simu tu. Kila mwaka hakukosa udhuru: zamu, goti, mvua. Jumatatu anasafiri, kwa sharti moja: hesabu niipige mimi, naye hataikagua. Jana aliuweka uzi mezani kwangu, akaenda zake kunywa chai. Nililia kidogo, sifichi.

Mama Uzi, idara nzima inakushukuru. Upumzike kwa raha, goti lipone, mjukuu akuchoshe vizuri. Nimepima mara nne. Ni kilomita 10,871, na fundo la kumi na moja linaupita mji kidogo tu, kama kawaida. Mafuta yanatosha na kubaki. Panda, Mama.