Kisra ya Gumbo

SANTINA: Haloo? Nani huyo anapumua tu bila kusema?

GUNE: Ni mimi, wifi. Gune. Salio iko kidogo, usi— [mtandao unakwaruza] —usiongee mingi.

SANTINA: Salaam taki, Gune! Habari ya huko Gumbo?

GUNE: Tuko tu. Mikate yangu ya kisra ya asubuhi ilifika soko la Konyo Konyo?

SANTINA: Ilifika na boda kabla askari hawajafunga daraja la kuja huku. Wateja wanaigombania. Hata mimi niko nayo mdomoni saa hii. Na baba anaendeleaje na lile tumbo?

GUNE: Hiyo ndiyo nimepigia. Wifi, nimechoka! Wewe ndiye mtoto wake, mimi ni mke wa mtoto tu. Inatoka, inatoka. Haina hata rangi, iko kama maji ya kuosha mchele, inanuka samaki. Mkeka, ukuta, shuka yangu. Nikifumba macho bado nasikia harufu.

SANTINA: Maji ya mchele? Umesema maji ya—

GUNE: Usipige kelele.

SANTINA: Hicho ni kipindupindu!

GUNE: Wifi! Jirani anasikia!

SANTINA: Hema la wagonjwa si liko hapo tu nyuma ya kanisa? Umempeleka?

GUNE: Mzee Saturnino? Katekista mzima alale kwa kitanda yenye tundu katikati, ndoo chini, watu wanaangalia matako yake? Amekataa. Na ile gari ya kupuliza dawa ikisimama mlangoni kwangu, nani atanunua kisra tena? Na Mogga ndugu yako hayuko.

SANTINA: Unampa maji?

GUNE: Nimekata tangu jana. Nikimpa, inatoka. Sasa ametulia.

SANTINA: Ametulia vipi?

GUNE: Macho imeingia ndani. Ukivuta ngozi ya mkono, inabaki imesimama. Hata kukojoa hakojoi.

SANTINA: Mungu wangu, unamkausha baba! Hao bakteria wamekaa kwenye utumbo wanamkamua maji yote ya mwili. Maji ndiyo dawa! Si yule wa afya mwenye kipaza sauti amepita soko zima akiimba hivyo hivyo? Unamfuta, unambadilisha, lakini maji— Ngoja. Ngoja kwanza. Wewe ndiye unamfuta?

GUNE: Nani mwingine?

SANTINA: Na kisra anapika nani?

GUNE: Moto inaua, wifi. Bati ya kupikia inakuwa moto sana.

SANTINA: Moto unaua kilicho juu ya bati! Ikishaiva unaikunja na mkono gani?

GUNE: Nanawa.

SANTINA: Na sabuni?

GUNE: Sabuni ilienda na waliokuja kupora. Nanawa kwa ndoo.

SANTINA: Ndoo ipi? Usiniambie. Ile ya baba?

GUNE: Nimeisuuza.

SANTINA: Ptuu! Yesu na Maria! Ptuu! Nimemeza, Gune. Nimemeza kinyesi cha baba yangu na mchuzi wa bamia juu!

GUNE: Usiseme kwa watu, nakuomba. Mogga akirudi—

SANTINA: Tangu bunduki za Julai hata simu yake hailii.

GUNE: Akirudi akute nyumba iko bado.

SANTINA: Akute na baba yake yuko hai. [kelele za soko] Usikate. — We Jada! Tema! Tema hicho kitu! Wote wekeni chini! Kisra ya leo imetoka nyumba ya kipindupindu! Ndiyo, kwa Gune, mke wa ndugu yangu, kule Gumbo! Nanaweni, na tumbo likichafuka kimbieni kwa daktari!

GUNE: Wifi! Umetaja jina yangu! Umeniua!

SANTINA: Na langu limekufa hapo hapo. Wanatapika pembeni, mmoja amenirushia sahani. Khalas, imekwisha. Sasa huna cha kuficha. Nawa na majivu. Birika la chai lipo?

GUNE: [analia] Liko.

SANTINA: Imechemka, ina sukari. Tia chumvi kidogo, mpe kijiko kijiko, halafu mtoe mpaka barabarani utafute boda.

GUNE: [kijiko kinagonga kikombe] Amemeza. Ametapika kidogo. Amemeza tena. Nimemvuta na mkeka mpaka barabarani. Boda ile… Boda! Yala, simama! Anauliza mzee iko na nini.

SANTINA: Mwambie.

GUNE: Kipindupindu! — Ameondoka, wifi. Hata hajaangalia nyuma.

SANTINA: Basi mbebe mpaka hemani.

GUNE: Mimi? Mgongoni? Amelowa yote!

SANTINA: Mimi daraja limenifungia huku, Gune. Huko kuna mgongo wako tu.

GUNE: [pumzi nzito] Simu nimebana kwa bega. Baba, shika shingo. Shika… Wifi, hana uzito. Mtu mkubwa hivi, hana uzito.

SANTINA: Ni maji yameisha. Tembea.

GUNE: Uwii! Imeshuka mgongoni. Iko joto. Inaingia kwa sketi, wifi, nitatapika—

SANTINA: Tapika ukitembea.

GUNE: Majirani wametoka. Wameziba pua.

SANTINA: Wazibe. Anapumua?

GUNE: Anaongea. Ananiomba msamaha, hapa kwa sikio. Anasema, binti yangu, nimekuchafua.

SANTINA: Mjibu basi!

GUNE: Baba, nyamaza, tunafika— [tii, tii] Wifi, salio—